Posho ya Miezi Mitatu

Neno posho lina maana mbili, na mimi wakati ule nilijua moja tu. Ndicho kisa chote. Ningekuwa mtu wa kuuliza ningeokoka, lakini tangu utoto domo langu hutangulia na masikio hufuata nyuma, na chuo kikuu hakikunitibu ugonjwa huo. Kiliuzidisha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea kilimo, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: kila mwanafunzi lazima akae kijijini miezi mitatu kwa mafunzo ya vitendo, mwishoni aje mkaguzi ampe alama. Bila alama hiyo, digrii huioni. Serikali nayo ilitulipa posho ya kujikimu ili tusiwe mzigo kwa wanakijiji. Walitutangazia hivyo ukumbini, tusiwe mzigo, na sisi tukapiga makofi na kuimba nyimbo za kuwalaani kupe na wanyonyaji. Niliimba kwa sauti kuliko wote.

Nikapangiwa Handeni, kijiji cha mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Chanika, ndio mji wenyewe wa Handeni. Nyumba zilikuwa mpya, zimepangwa mistari miwili, udongo wa kuta haujakauka sawasawa. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekataa kabisa. Mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa bibi mmoja mjane wa Kizigua aliyeishi peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akauliza kama nimekula.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha kupanda kwa mstari. Watu wa pale walipanda kwa kukadiria kwa jicho, na mimi nikaja na kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo shimo moja. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Marehemu mume wangu kaikata katani miaka na miaka kule Korogwe, mgongo ukapinda. Leo katani imenifuata mpaka shambani kwangu!" Lakini alikuwa mwepesi kushika kuliko vijana wote niliowafundisha.

Posho ya mwezi wa kwanza haikuja. Nikaenda mjini Handeni kuuliza, nikaambiwa jina langu limepigwa chapa kwenye orodha ya Korogwe, nisubiri, wataandikiana barua, nitalipwa miezi yote mitatu kwa mkupuo. Mwezi wa pili nao ukaanza hivyo hivyo. Muda wote huo nakula kwa bibi, na bibi mwenyewe anakoroga ugali wa kumtosha kuku. Aibu ilinikaba. Siku moja mchana, sahani iko kati yetu, nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, usione nakula tu," nikasema. "Posho yangu ya serikali iko Korogwe. Ikifika nakukabidhi wewe yote, tule tushibe."

Akaacha kutafuna. "Posho ya serikali?"

"Ndiyo."

"Ya siku ngapi?"

"Miezi mitatu, bibi. Kwa mkupuo."

"Alhamdulillahi," akasema, akafuta mikono kwenye kanga. "Miezi mitatu! Serikali inawapenda nyie watoto."

Tangu siku ile ugali ukanenepa. Jirani yetu mwenye watoto wanne alikuwa akija na ungo mtupu, na sasa hakurudi nao mtupu. Mimi nikafurahi, nikasema moyoni kumbe bibi alikuwa na akiba. Juu ya jiko lake kulikuwa na mahindi yamening'inizwa kwa maganda yake, mawili mawili, meusi kwa moshi. Ile ilikuwa mbegu. Nilijua ni mbegu, wala msidhani sikujua. Kuhifadhi mbegu kwa moshi ili isibunguliwe nilisoma mwaka wa kwanza, na kuhusu jiko lile lile nilikuwa nimejaza kurasa mbili za ripoti yangu. Nikaona mahindi yanapungua. Niliona, siwezi kusema sikuona. Lakini tumbo lilikuwa limeshiba, na mtu aliyeshiba haulizi.

Jumamosi moja wingu likaanza kujikusanya na upepo ukageuka. Wenye mbegu wakaanza kupukuchua. Bibi alikuwa anafagia uani, akaegemea ufagio wake.

"Mjukuu wangu, lori la posho linakuja lini? Maana tunayamaliza yale mahindi ya juu ya jiko."

"Lori gani, bibi?"

"Lori la unga. La posho yako."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Bibi, posho yangu inaingia kwenye bahasha! Ni hela."

Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, kwamba kule kwenye mashamba ya katani kila Jumamosi watu walipanga mstari na vifuko vyao, wakapimiwa posho: unga kwa kibaba, maharage, chumvi. Yeye ndiye alikuwa akishika kifuko. "Posho ni unga, mwanangu," akasema. "Hela tuliita hela."

Nikakimbilia jikoni, nikatazama juu. Yalikuwa yamebaki mahindi mawili tu. Hapo hasira zikanipanda, na hasira zangu ziko karibu, mnanijua. Nikatoka nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Nani alikwambia ni unga? Hiyo ni mbegu, bibi! Mtu mzima unakulaje mbegu na mvua iko mlangoni?"

"Wewe ndiye uliyesema tule," akajibu.

Hakuwa na hasira hata chembe, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. Kijiji kilikuwa kimeagiza mbegu ya shamba la ujamaa peke yake. Shamba la mtu, kila mtu na lake, na baada ya ukame ule hakuna aliyekuwa na mbegu ya kumwazima mwenzake. Bibi alikuwa na eka moja. Asipoipanda mvua hii, mpaka mwaka mwingine angekuwa anabisha hodi kwa watu na ungo mtupu, yeye aliyekuwa akijaza nyungo za wenzake. Na aliyemfikisha hapo ni msomi aliyeletwa kumfundisha kilimo. Nyimbo za kupe zikanirudia moja moja, na kupe mwenyewe ni mimi.

Jumatatu alfajiri nikashika njia ya Korogwe. Kwenye ofisi ya kulipia posho nikamkuta karani mtu mzima, nikamwamkia kwa adabu zangu zote. Akafungua faili, akafunga.

"Wewe ni wa Handeni. Nenda Handeni."

"Handeni ndiko walikoniambia nije kwako, mzee."

"Basi rudi uwaambie waandike barua."

"Mzee wangu, mvua inanyesha kesho kutwa. Kuna bibi hana mbegu."

"Mimi nalipa wanafunzi. Bibi hayumo kwenye orodha."

Niliyatafuna maneno niliyotaka kumwambia. Nikavuta benchi, nikaliweka katikati ya mlango wake, nikakaa. Kila aliyetaka kuingia ilibidi aniombe njia, na kila aliyeniomba nikamsimulia habari ya bibi. Ofisi ikafungwa, nikaenda kulala kwa ndugu wa mwenyekiti wetu aliyeishi pale mjini, asubuhi nikarudi kwenye benchi langu. Mpaka saa sita mchana karani alikuwa ameisikia habari ile mara nyingi kuliko alivyoweza kustahimili. Akanisukumia kitabu. "Saini hapa, uniondokee. Mtoto gani wewe!" Nikasaini. Bahasha mkononi, na barua ya uthibitisho juu yake.

Sasa mnadhani hela ikiwepo mahindi yapo. Wakati ule nafaka haikutembea ovyo. Kuyatoa mahindi wilaya moja kwenda nyingine kulitaka kibali, na kibali kilitaka barua, na barua ingechukua wiki. Kidogo cha mtu kula mwenyewe kilivumiliwa, zaidi ya hapo ni kesi. Sokoni wakaninong'oneza nimwone mama mmoja aliyeteremka kutoka Lutindi na ndizi zake. Chini ya ndizi kuna kitu. Nikamkuta, vikapu viwili vimefunikwa majani ya mgomba. Nikainama nikamwambia nataka nusu debe.

"Ya kula au ya kupanda?" akaniuliza.

Hatua tano nyuma yangu alikuwa amesimama mgambo, rungu kwapani, anamenya chungwa. Mtu anayenunua mbegu ni mtu anayesafiri nayo, nikafikiri, ataniuliza kibali. Domo langu likatangulia. Nikasema kwa nguvu, mgambo asikie:

"Ya kula, mama! Posho yangu tu."

Mkono wa yule mama ulikuwa unaelekea kikapu cha kushoto. Ukahama, ukaenda cha kulia. Nikauona ukihama. Nikajiambia mahindi ni mahindi, nikafungua kanga yangu akamimina, nikalipa na kuondoka bila kuchota hata punje moja kuitazama. Mwanafunzi wa kilimo mzima!

Jumatano, Segera, kizuizi. Nimeshuka kwenye basi, natafuta lori la Handeni, furushi kichwani. Mgambo wa pale akanisimamisha, akalichoma furushi kwa fimbo.

"Nini hiki?"

"Posho."

"Posho ya nani?"

"Yangu, ndugu. Mimi mwanafunzi wa chuo kikuu. Serikali imenipa." Nikajua akinigeuza hapa bibi kaisha. Nikampa ile barua. Akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi: posho ya kujikimu, miezi mitatu. Akalitazama furushi. Akaitazama tena barua.

"Miezi mitatu utakula hiki tu?"

"Hiki tu."

"Pole, dada," akasema kwa huruma ya kweli. "Wamekupunja." Akaniita lori yeye mwenyewe, akanisaidia kupandisha.

Mvua ilitukuta njiani. Nilishuka Chanika nikaenda kwa miguu nimelikumbatia furushi, matope mpaka magotini, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilifika alasiri. Bibi hakuwa nyumbani. Nikapitiliza shambani, na huko nikasimama.

Alikuwa amechimba mashimo. Eka nzima, peke yake, kwa siku mbili, kwa ile kamba ya mafundo. Mistari imenyooka kuliko hata ile niliyochora ubaoni, na kila shimo limejaa maji tu. Alikuwa amekaa kwenye kisiki, kanga kichwani, ananingoja.

"Bibi, nimeleta!" nikapiga kelele. "Nimeleta mbegu!"

Akafungua furushi. Akatoa punje moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaitia jinoni, akaitema kiganjani. Akaniwekea mkononi. Kile kiini kinachochipua kilikuwa kimeliwa, kumebaki tundu.

"Hii ni posho," akasema.

Nililia pale pale kwenye mvua, kwa sauti, kama mtoto. Yeye akanivuta mkono twende nyumbani. Tukamwaga mahindi kwenye mkeka, tukakaa kuchagua, punje moja moja, yenye kiini huku, iliyobunguliwa kule. Tukaongeza yale mahindi mawili ya juu ya jiko. Yalipokwisha bibi akalitazama lile fungu zima, akapima kwa mikono yake. "Nusu shamba," akasema. Alhamisi tukapanda nusu ya juu, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mkaguzi.

Ijumaa asubuhi niliamka sikumwona. Nikamfuata shambani. Alikuwa upande wa chini, anafukia mashimo kwa mguu, mstari hadi mstari, anasawazisha udongo kwa nyayo.

"Bibi, hayo hayana kitu!"

"Najua. Huyo bwana wako hajui."

Mkaguzi alikuja na gari, viatu vinang'aa. Alitembea kwenye mistari, akapima kwa rula yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti pembeni anatabasamu. Kisha mkaguzi akamgeukia bibi. "Mama, hapa pote pamepandwa?"

Nilitakiwa kusema mimi. Lile domo langu, lile linalotangulia kila mahali, siku ile likakaa kimya.

"Pote, bwana," bibi akasema. "Mjukuu wangu kafundisha vizuri."

Akaandika. Nilipata alama ya juu kuliko wote tuliopelekwa Handeni na Korogwe mwaka ule. Kabla sijaondoka nikamkabidhi bibi hela zote zilizobaki kwenye bahasha, kama nilivyomwahidi, naye akazifunga kwenye pindo la kanga bila kuzitazama.

Miezi michache baadaye nikiwa chuoni, mwenyekiti aliniandikia barua. Aliniambia mahindi ya bibi upande wa juu yamestawi, mistari yake watu wanakuja kuitazama. Upande wa chini hakukuota hata mche mmoja, na watu wanamwuliza bibi kulikoni, labda huyu mtoto wa chuo alikosea mahali. Bibi anawajibu kwamba mtoto hakukosea kitu, ni mvua.