Mirija Mdomoni

Nina grosari ndogo ya vinywaji Nyamongo, na kwenye simu nina ukurasa ninaoandika habari za bia. Naonja, naeleza rangi, povu, harufu na kile kinachobaki kooni, halafu watu wananibishia. Wachimbaji wa dhahabu wanaokunywa kwangu wananiita mtaalamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilishaanza kuitikia.

Zikaingia bia za watengenezaji wadogo, chupa zimeandikwa "ya asili", bei ya kukutoa macho. Nikaandika kwa hasira kwamba hao hawajui kitu, pombe ya kizamani iko kijijini Gorong'a kwa mama yangu. Amarwa yake, pombe yetu ya ulezi, ilisifiwa na watu wagumu kusifia. Alikuwa hajapika muda mrefu, tangu alipougua kifua. Nikampigia simu kwamba naleta marafiki, apike mtungi mmoja. Akasita. Akauliza kama mimi ndiye nitakayeionja. Nikasema ndiyo, tena kwa mbwembwe zote.

Siku yenyewe nilitangulia asubuhi mapema. Mama akanifuata uani na kikombe.

"Onja kwanza, mura, kijana wangu, kabla wenzio hawajafika."

Nikakataa. Nilitaka nionje mbele ya wote, nirekodiwe, uso wangu uonekane unavyobadilika, maana wasomaji wangu ndivyo wanavyopenda. Akabaki amekishika kile kikombe. Nilidhani ana haraka ya kusifiwa.

Wenzangu wakafika, wakamwamkia shikamoo, wakaketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mama akavuta wa kwanza, kama desturi inavyomtaka mpishi, ili wageni wajue hakuna baya ndani. Akatabasamu, akaingia jikoni.

Nikavuta. Kilichonijia mdomoni kilikuwa masizi. Ule unga uliochachuka, unaokaangwa juu ya bati kabla ya kutiwa kimea, ulikuwa umeungua, tena si kidogo. Simu ilikuwa imenielekea usoni. Nikafumba macho kama mtu aliyeburudika, nikasema kuna moshi kwa mbali, ladha ya kizamani kweli.

Wenzangu wakavuta mara moja, wakatulia. Mrija mrefu una faida yake: mtu anaweza kukaa nao mdomoni atakavyo, mashavu yanacheza, na kisiingie kitu. Tukakaa hivyo, wanaume wazima, tunaongea mpira. Niliona aibu, lakini kwa ajili ya mama, si kwa ajili yangu. Nilikuwa nawaza watakavyosema njiani, kwamba mama wa mtaalamu amezeeka.

Mama akatoka na birika. Amarwa hunywewa ya moto, na kadiri inavyopungua mtungini huongezwa maji yanayochemka. Hakuchungulia. Miaka yote aliyopika, hakuna mgeni aliyewahi kumwachia mtungi uliojaa. Akamimina kwa mkono uliozoea, na maji yakafurika, yakatiririka hadi kwenye viatu vyetu.

Akaweka birika chini. Jamaa mmoja akaanza kuvuta kweli kweli, na wengine wakamfuata, mimi nikiwa wa mwisho.

"Acheni," mama akasema. "Msininywee kwa huruma."

Akanigeukia. Nikatazama chini, kwenye tope. Akaeleza polepole, mbele ya wageni, jambo ambalo hata majirani hakutaka walijue: tangu kile kifua hasikii harufu wala ladha. Zamani pua ndiyo iliyokuwa ikimwambia unga umeiva. Safari hii alikadiria kwa macho tu, na macho nayo si yale. Alikubali kupika kwa sababu kuna mtoto wake anayejua kuonja.

Hapo ndipo nilipokielewa kile kikombe. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na simu yangu.

"Sasa niambie," akasema. "Ina nini?"

"Imeungua, mama."

"Sana?"

"Sana."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira, na ningefurahi angekuwa nayo. Akaokota birika, akaanza kukusanya mirija mikononi mwetu, mmoja mmoja. Aliponifikia alisimama kidogo.

"Ungeniambia asubuhi, mura, ningewapikia wageni chai."