Kiti cha Mbele cha Teksi ya Mswaki

Mume wangu wanamwita Mswaki, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ni dereva wa teksi, na kila asubuhi utamkuta kapiga magoti, anasugua matundu ya kiyoyozi kwa mswaki wa meno. Ukiingia na tope, utakoma! Gari lile ndilo mke mwenzangu. Lakini roho yake si mbaya, nasema kweli.

Kila Ijumaa alikuwa akimpeleka mama yake kumwona dada yake, mama mkubwa, aliyekuwa amepooza, anaishi mtaa wa mbali. Wale wawili walikuwa chanda na pete. Mvua zilipoanza, mama mkwe akashuka garini gauni limelowa nyuma. Ijumaa iliyofuata, tena.

Mswaki akaninong'oneza, "Uzee umemfika mama. Hajizuii."

"Muulize kwanza, wewe mwanamume!"

Wapi! Mwana amuulize mama yake jambo kama hilo? Aliona haya. Akatandika plastiki kwenye kiti cha mbele, kimya kimya, eti ndiyo heshima.

Mama mkwe akafungua mlango, akaiona plastiki, akaufunga taratibu. "Leo miguu inauma, mwanangu. Nitakwenda siku nyingine."

Siku nyingine haikufika. Akawa anaongea na dada yake kwenye simu tu, mpaka mama mkubwa akafariki.

Haukupita muda baada ya maziko, plastiki imeshatolewa, abiria mmoja wa kiti cha mbele, jibaba la suti, akashuka suruali chapachapa, akafoka mtaa mzima ukasikia. Na yule naye kajikojolea? Mswaki akakibonyeza kiti. Kitambaa juu kikavu, ndani sponji imejaa maji, ukikalia tu yanapanda.

Akafungua kidirisha cha kwenye paa la gari. Pembeni mwa fremu yake kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, na mipira inayoyashusha mpaka chini ya gari. Cha mbele, upande wa abiria, kilikuwa kimezibwa na tope na majani yaliyooza. Mtu wa kusugua kila kitu, vile hakuwahi hata kuvitazama! Maji yalikosa njia, yakawa yanachuruzika kitini. Akapitisha waya wa breki ya baiskeli, polepole asije akatoboa mpira, uchafu ukatoka. Akamimina kikombe cha maji, yakatokea nyuma ya gurudumu. Akakaa chini pale pale akalia kama mtoto. Nilikuwa na maneno yangu tayari, lakini nikamshika mkono nikamwinua.

Tukaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele. Mswaki hakuzungusha maneno.

"Mama, nisamehe. Yalikuwa maji ya mvua. Gari lilikuwa linavuja."

Mikono ikasimama kwenye ungo. "Kumbe sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe, mama."

"Na mimi niliamini ni mimi. Nikaona haya hata kwa dada yangu." Akamtazama mwanawe, hana hata hasira. "Nimekusamehe. Lakini basi ningekwenda, mwanangu. Ningekwenda."