Kilo za Mfaransa

Sisi tuliokuwa watoto mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, miaka ile ya biashara moto tulijua uzito wetu kuliko tulivyojua siku zetu za kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa ilipita mama zetu wakiwa sokoni. Mizani ilikuwepo kila siku, chini ya jengo letu, katika ofisi ya kago ya Tonton Dieudo, mjomba wa watoto wote: bamba pana la chuma lililolala sakafuni na kisanduku chenye namba nyekundu. Ikipatikana nafasi kati ya robota moja na jingine, tunapanda.

Nimechoka siku hizi, mtanisamehe nikisimulia polepole. Nimelala miji mingi tangu wakati ule, na mingi imefutika kichwani kama nilipita ndotoni. Ule mtaa haujafutika. Mtakumbuka harufu yake: mafuta ya kukaangia tambi, viatu vipya, kuta zinazoota ukungu wakati wa mvua za mwezi wa nne. Mtakumbuka sauti ya soltepu ikivutwa kutoka asubuhi mpaka jioni, na wanaume wakiruka juu ya marobota ili nguo zishindiliwe, huku wakiimba mapambio ya kanisani. Wakichoka walituita sisi, na sisi tuliruka bure, tukidhani tumependelewa.

Michezo yetu ilikuwa ileile ya nyumbani, ila vifaa vilikuwa vya Kichina. Rede tulicheza kwa mpira wa mabaki ya vitambaa ambayo mama aliniletea kutoka mtaa wa Kangle, alikokwenda kusimamia mafundi waliomshonea magauni ya kupeleka Mwanza. Kombolela tulicheza ndani ya kago. Patrick, rafiki yangu wa Kikongo aliyekaa ghorofa ya juu yetu, alituambia ukijificha vibaya utafungwa ndani ya robota na kushushwa Mombasa. Nilimwamini kwa miaka. Msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou ulipofika, mara mbili kwa mwaka, mama zetu walirudi na mifuko ya bure iliyojaa kalamu na peremende, miguu imevimba, na jioni hiyo hakuna aliyegombezwa.

Shule yetu ilikuwa sebule ya mama mmoja wa kanisani, watoto wa rika zote juu ya zulia moja. Mama yule alipohamia Dubai, shule ilihama naye. Nilikuwa darasa la tano au la sita, inategemea unamuuliza nani. Sikuingia tena darasani popote. Kuuliza maswali ndiko sikuacha.

Mama alikuwa na neno moja alilonirudia kuliko yote. Nikimpa jina paka wa muuza tambi, nikibandika picha ukutani, nikiomba tununue kitanda cha kweli, alisema, "Usizoee. Hapa tunapita." Alisema bila ukali, kama anavyosema mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli.

Sasa, Tonton Dieudo. Alitoka Lubumbashi, na ujanani alipigana ndondi. Pua yake ilikiri hilo kabla hajafungua mdomo. Baba yake alikuwa amemsimulia habari za bingwa mmoja wa Ufaransa, wa zamani sana, wa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Jina la bingwa huyo Tonton alilitamka puani, nasi hatukuliweza. Tukamwita Mfaransa, basi.

Mfaransa alianza kupigana kwa malipo akiwa bado mtoto, katika uzito wa chini kabisa, akapanda uzito mmoja baada ya mwingine mpaka akasimama mbele ya majitu. Tonton akatuwekea sheria: hadithi inatolewa kwa kilo. Kilo moja ya mtoto aliihesabu kama kilo mbili za bondia. Ukifikia uzito wa pambano fulani, unaitwa nyuma ya marobota na unapewa pambano hilo. Hujafikia, nenda kale.

"Weye uko bado uzito wa unyoya," aliniambia kila nilipopanda, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Banatanzania banasema Kiswahili muzuri kama banasoma Biblia, lakini kula hawakule."

Hivyo nilimfuata Mfaransa kwa wali na uji. Nikiwa mwepesi nilipata habari za mwalimu wa mazoezi aliyemwona akiwa mtoto, akamchukua na kuzunguka naye vijijini, kwenye magulio na kumbi ndogo, wakilala juu ya mabenchi ya stesheni. Kilo zilizofuata zilinipa ubingwa wa Ufaransa, kisha wa Ulaya. Nilipougua na kukonda, Tonton alikataa hata kunirudia zile nilizokwisha sikia. Nilipopona nikapewa pambano la Mwingereza mkubwa aliyeangushwa raundi ya kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Tonton alicheza sehemu zote mbili, akaanguka kwa heshima juu ya robota la jinzi. Kisha vita: Mfaransa akarusha ndege juu ya maadui, akarudi na medali, akavuka bahari mpaka Amerika kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wake.

Hapo nikakwama. Mapambano ya mwisho yalihitaji kilo thelathini na tisa, na mimi ilikuwa kama mifupa yangu imejazwa hewa.

Patrick hakukwama. Yeye alimpenda Mfaransa kuliko sisi wote. Tonton alisema bingwa yule alikuwa mtanashati, nywele amezilaza nyuma, na ngumi zote alizopigwa hazikumharibu uso. Patrick akawa kila asubuhi analowesha nywele na kuzisukuma nyuma kwa kitana cha mama yake, nywele zetu hizi, na kila zikikauka zinasimama tena. Msimu wa laichi ulipofika, akala matunda yale ndoo nzima, akafika kilo zinazotakiwa. Tonton akamwita nyuma. Nikasubiri mlangoni.

Alipotoka, alikuwa amezivuruga nywele zake kwa mikono.

"Ameshinda?" nikauliza.

"Fikisha kilo."

"Patrick, niambie bwana. Ameshinda au hajashinda?"

"Nimesema fikisha kilo, we unyoya!" Akapanda ngazi, na siku ile hakushuka kucheza.

Sasa mnielewe. Sikuwa na shule, sikuwa na kitanda, mji wenyewe niliambiwa nisiuzoee. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho kilikuwa na mwisho ni ile hadithi. Nilikula kama mtu anayejenga nyumba. Ugali, tambi, mayai yaliyochemshwa kwenye chai, viazi vya yule mchoma viazi wa kona. Mama akafurahi, akadhani nimepona kabisa.

Ndipo viza zikaanza kukazwa, mwaka ule wa kuelekea michezo mikubwa ya Beijing. Mama alirudi siku moja na pasipoti mkononi, akakaa kwenye godoro bila kuvua viatu. "Wamesema meiyou," akasema, neno lile la Kichina la hakuna, alilokuwa amelisikia kila siku sokoni na kulicheka. Siku ile hakucheka. "Jumamosi tunarudi Mwanza."

Mimi sikuwaza Mwanza. Niliwaza kilo.

Kesho yake nikachukua vifungo vya chuma vya jinzi ambavyo mama alivinunua Kangle, nikajaza soksi zote mbili, nikavaa suruali ndefu juu yake, nikapanda mizani kwa adabu. Kila hatua vifungo vililia kama njuga za punda wa sikukuu. Tonton alikuwa na wafanyabiashara watatu pale, mmoja wao ameingiza kidole cha mguu chini ya robota lake ili lipungue uzito, kama walivyofanya wote. Tonton akakisukuma kile kidole kwa kiatu chake bila hata kukiangalia. Kisha akanigeukia.

"Miaka yote napigana na batu banaopunguza kilo," alisema. "Weye ni wa kwanza kuongeza." Wale wafanyabiashara wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Shuka. Na vifungo vya maman urudishe."

Niliomba. Nilimwambia tunaondoka. Akafungua soltepu, akaendelea kufunga. "Bondia anaomba mizani?" akasema. Nililala nikimchukia yeye na Mfaransa wake.

Jumamosi ikafika. Nyinyi mliosafiri na mama wafanyabiashara mnajua desturi: kilo zilizovaliwa hazipimwi uwanja wa ndege. Sampuli ambazo hazikuingia mabegini zilituingia sisi. Mama alinivika jinzi tatu moja juu ya nyingine, blauzi ambazo sikuzihesabu, sweta, na makoti mawili yenye manyoya shingoni, katika joto la Guangzhou ambamo hata mbwa hawabweki. Mikono ilikaa mbali na mwili. Nilishuka ngazi kiubavu, kama robota lililoota miguu.

Tulipitia kwa Tonton kupima mabegi kabla ya uwanja, teksi ikiunguruma nje. Mabegi yakawa sawa. Begi la mwisho lilipotolewa, bamba likabaki tupu, na miguu yangu ikapanda yenyewe. Namba nyekundu zikakimbia, zikapita thelathini na tisa, zikaendelea.

Patrick alikuwa amekuja kutuaga. "Tonton, hapana! Amevaa duka zima! Bondia anapimwa bila nguo!"

Tonton alizitazama zile namba. Akanitazama mimi, jasho linanidondoka kidevuni juu ya manyoya.

"Mi nasoma namba tu," akasema. "Sifungue robota ya mutu."

"Tonton, teksi," mama akasema.

"Maman, dakika kidogo. Huyu amefikisha."

Hakunipeleka nyuma ya marobota. Alisimulia palepale, mbele ya mama na Patrick, nami nimesimama juu ya bamba. Mfaransa alikwenda Amerika kupambana na jitu lenye ubingwa wa uzito wa juu. Akamgonga kwa nguvu mpaka kidole gumba chake mwenyewe kikavunjika, na raundi ya nne akaangushwa. Hiyo ilikuwa mbali, nchi ya watu. Mtu anaweza kuisamehe. Kisha akarudi Paris, kwao, uwanja umejaa watu wake, kulinda ubingwa aliobaki nao. Mpinzani alikuwa Msenegali, mtu mweusi, ambaye magazeti yalimwandika kama mnyama wa maonyesho. Hakuna aliyemhesabu. Mfaransa akamwangusha mapema, watu wakaanza kutafuta kofia zao. Msenegali akasimama. Akapiga, akapiga, mpaka ule uso uliokuwa haujawahi kuharibika ukavimba na kufunga macho. Raundi ya sita Mfaransa akalala chini.

"Refa anasema, hapana, mweusi amemutega mguu, Mfaransa ndiye mushindi," Tonton alisema, sauti imeshuka. "Na batu je? Bafaransa benyewe. Banasimama juu ya viti, banapiga kelele, hawakubali, mpaka banamupa Msenegali haki yake."

Dereva wa teksi akapiga honi. Mimi nilikuwa upande wa Mfaransa tangu nikiwa na kilo ishirini na tano. Nilikuwa nimelala naye stesheni, nimeruka naye kwenye ndege. Na sasa mtu anayefanana na sisi alikuwa amemlaza chini, na mikono yangu haikuweza hata kukunjika nifute jasho.

"Kwa hiyo nifurahi au nilie?"

"Ndiyo maana nilikuwa nangojea kilo," alisema Tonton. "Mutoto mwepesi, hii hawezi kuibeba."

"Mimi sikulia," akasema Patrick, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Ndani ya teksi mama alinifungua koti la juu, akanipepea kwa pasipoti. Tulipopanda daraja la barabara ya juu, marobota ya mtaa wetu yakibaki chini, akauliza, "Sasa alishinda nani?"

"Wetu," nikasema. Baadaye kidogo nikasema, "Na yule mwingine pia alikuwa wetu."

Mama akaangalia dirishani. "Nilikuambia usizoee," akasema, na nikaona kwamba yeye ndiye analia.

Siku hizi mambo ni mepesi. Mwaka jana nilimwanzia hadithi hii mtoto wa binamu yangu, kijana mwenye masikio yaliyozibwa na vispika. Mfaransa alikuwa hajatoka hata kijijini kwao kwenye makaa ya mawe, mtoto akainua simu: "Shangazi, huyu alipigwa." Sekunde chache. Hakula hata tonge moja kwa ajili ya kujua. Nilitaka kukasirika nikakosa nguvu. Nami pia nilikwisha kuchungulia humohumo, maana udadisi wangu hauna adabu, nikakuta Tonton alikuwa ameongeza chumvi kwingi, ila kile kidole gumba kilikuwa kweli, na wale watu juu ya viti walikuwa kweli. Nikakuta na kitu ambacho hakutuambia: kwamba Mfaransa uzeeni alikuwa na baa Paris, na watu walikwenda kumwona tu yeye, bwana nadhifu anayewakaribisha. Nilimtafuta Tonton nimwambie. Namba haipo. Mmoja anasema amerudi Lubumbashi, mwingine anasema alivuka kwenda Brazili. Patrick ana watoto, ana upara. Shida ya nywele imeisha.

Mimi sikuzoea mahali popote, mama alinifundisha vizuri mno. Wiki iliyopita nilikuwa stendi moja ya mabasi nasubiri kupima mzigo, na yule wa vifurushi alipokwenda kunywa chai nikapanda mizani yake. Nikasubiri namba zitulie. Nimepita kilo zote za Mfaransa, hata zile za mwisho, zile za watu wazima zisizohesabiwa mara mbili. Nikabaki nimesimama pale juu muda kidogo, kama zamani, nikingoja kuitwa nyuma ya marobota. Kisha mtu mwenye gunia la mchele akaniomba nishuke.