Mwizi wa Ajali Yangu

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinicheke sana. Aliyejaza watu kwenye boti yetu hadi ikazama karibu na Nansio ni Magesa, namtaja. Mimi niliokolewa na dumu. Lakini dagaa ninaouza nachukua kwake, akininyima nalala njaa. Ndiyo maana Neema, mwanafunzi aliyekuwa anaandika utafiti wa ajali ili uchapishwe kwenye jarida la chuo, nilimwambia, "Mwanangu, yote andika, jina langu ficha."

"Usijali, mama."

Kabla ya kuupeleka akaja mwaloni, pale ufukweni tunapouzia dagaa, kutusomea sisi tulionusurika, tuseme kama amepatia. Magesa naye alikuja, akakaa mbele. Neema akasoma: "Bi Rehema alishika dumu la njano, akapiga kelele hadi sauti ikakauka."

Damu ikanichemka. Rehema ndiye nani? Dumu langu, kelele zangu, sifa apewe mwingine! Nikasimama.

"Huyo Rehema mwongo! Mwenye dumu ni mimi! Na aliyesema Magesa anapakia watu kama magunia ni mimi!"

Neema akafumba macho. "Mama, Rehema ni wewe."

Magesa akageuka taratibu.

"Habari za siku, Bi Rehema."