Chungu cha Juu ya Mnara

Mjini Bologna, ambako watu wamekuwa wakisoma na kusomesha tangu enzi ambazo vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kuna jambo moja ambalo mwanafunzi halifanyi: hapandi mnara wa Asinelli kabla hajapata shahada. Anaweza kukesha akinywa na kuimba chini ya matao, anaweza kulala darasani mbele ya mwalimu wake, lakini ngazi za mnara ule hazikanyagi. Akizikanyaga hatahitimu. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na hakuna anayeivunja ila wageni.

Iolanda Zanarini aliwaeleza wageni habari hiyo kila siku ya kazi yake, nao walicheka kila siku. Alikuwa mwongoza watalii, mwanamke mnene wa wastani, mwenye sauti iliyozoea kushindana na kengele na mabasi. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha siri saba za mji. Aliwapeleka chini ya kuba la jumba la kale, akamsimamisha mmoja kwenye pembe hii na mwenzake kwenye pembe ile, wakanong'onezana wakiwa wamegeukia ukuta, na kila mmoja akasikia maneno ya mwenzake kana kwamba yuko begani pake. Aliwainulisha shingo wautazame ule mshale uliokwama katika dari ya mbao. Aliwafungulia kidirisha kilicho katika ukuta wa uchochoro, wakaona mfereji wa maji uliojificha nyuma ya nyumba.

Siri moja tu hakuwaonyesha kwa mkono wake. Inasemekana kwamba juu kabisa ya mnara kuna chungu kilichovunjika, kilichowekwa huko na watu wa zamani kwa maana ambayo kila mwenyeji ana tafsiri yake. Iolanda aliwaelekeza wageni mlangoni, akawaacha wapande, naye akawangoja chini.

Waliporudi, wakihema na kupangusa jasho, aliwauliza walichokiona. Mmoja alikuwa ameona chungu chekundu upande wa mashariki. Mwingine aliona cheusi, kikubwa kama beseni. Wengine hawakuona kitu, ila waliona haya kusema hivyo mbele ya wenzao. Iolanda aliwasikiliza wote kwa makini, kama mtu anayesimuliwa harusi aliyoikosa.

Mwenyewe hakuwa amepanda hata mara moja. Katika ujana wake alijiandikisha kusoma historia, akafaulu mitihani mingi, kisha baba yake akafariki na duka la familia la tambi likahitaji mikono. Aliaga chuo kwa muda. Muda huo ukazaa ndoa, watoto wawili na beji ya mwongoza watalii. Katika miaka yote hiyo hakuwa mwanafunzi, na hakuna mwiko uliomzuia kupanda. Hata hivyo hakupanda. Kupanda kungekuwa sawa na kuutangazia mji mzima kwamba habari ya shahada imekwisha, naye hakuwa tayari kuitangaza.

Kaka yake, Lamberto, alipanda. Alipanda akiwa mwaka wa pili, pamoja na msichana ambaye sasa hakumbuki jina lake, na tangu hapo anauza matairi kwenye barabara ya Modena. Akiulizwa kwa nini hakumaliza masomo, hunyoosha kidole kuelekea mnarani.

Watoto walipokuwa wakubwa, Iolanda alirudi chuoni. Alikaa darasani pamoja na vijana waliomdhania kuwa mama wa mtu fulani aliyesahau chakula cha mchana. Mitihani iliyokuwa imebaki aliimaliza. Ikabaki tasnifu, naye akachagua kuandika kuhusu zile siri saba, na hasa kuhusu chungu.

Msimamizi wake alikuwa Profesa Sgura, mwanamke wa kusini aliyeletwa Bologna na kazi, mwenye kalamu nyekundu na subira ndogo. Jumatano moja ya vuli alimwita ofisini, akamwekea sura ya mwisho mezani.

"Bi Zanarini, hapa umeandika 'inasemekana'. Hapa pia, 'inasemekana'. Na hapa, 'wageni kadhaa wanadai'. Chungu kipo au hakipo?"

"Wengine wanasema kipo, Profesa."

"Wewe nakuuliza. Umekiona?"

"Sijapanda."

Profesa alivua miwani. "Mtu akiandika juu ya mji uliozama baharini, namwelewa asipoenda kuuona. Wewe unafanya kazi mlangoni pa mnara."

"Profesa, mimi ni mwanafunzi."

"Najua wewe ni mwanafunzi, ndiyo maana uko hapa."

"Wanafunzi hawapandi."

Profesa Sgura alimtazama kwa muda, akaona kwamba mwanamke aliye mbele yake hatanii.

"Sikiliza, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Sikulazimishi. Andika kwamba hukupanda, na useme kwa nini. Hata hilo ni ushahidi wa namna yake. Lakini siku ya utetezi watakuuliza, na jibu hilo utalitoa wewe mbele ya watu. Mimi sitakusaidia."

Iolanda alitoka akiwa ameamua kuandika kwamba hakupanda. Ulikuwa uamuzi mzuri, nao ulidumu mpaka asubuhi ya pili, alipofika mnarani na kumkuta Nerio akibandika tangazo mlangoni.

Nerio Gamberini aliuza tiketi za mnara na kufagia ngazi zake. Yeye alipanda kila juma na ufagio, na alijua kila kilichokuwa juu. Mara nyingi alitaka kumwambia Iolanda, naye Iolanda akaziba masikio.

"Soma hapo, mwanafunzi," alisema Nerio. "Jumamosi ndiyo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Mnara unafungwa. Matengenezo."

"Mpaka lini?"

"Huo mji gani unaoujua wewe, ambao mafundi wanasema mpaka lini? Wajukuu wako watakuja kuuliza."

"Sina wajukuu."

"Basi hata hao hawatapanda."

Iolanda alilisoma tangazo, akalirudia. Utetezi wake ulikuwa umepangwa majuma mawili baada ya Jumamosi hiyo. Alihesabu kichwani, ingawa hapakuwa na la kuhesabu.

"Nikwambie kilichopo huko juu?" Nerio aliuliza kwa upole. "Umalize kazi yako."

"Ukithubutu kufungua mdomo, Nerio, nitaacha kuleta wageni."

"Wageni wenyewe hawatakuwa na pa kuingia."

Jioni hiyo Lamberto alikuja kula kwake, kama alivyozoea kila Alhamisi. Iolanda alimsimulia yote huku akimpakulia tortelini, tambi zilizojazwa nyama, katika mchuzi wa kuku. Lamberto aliweka kijiko chini, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Usipande."

"Wewe unaamini mambo hayo?"

"Mimi siamini. Nilipanda, na matairi ninayauza."

"Ulifeli kwa sababu hukusoma."

"Nilisoma! Nilisoma kila kitu isipokuwa vitabu," alisema, akakiokota kijiko. "Dada yangu, umebakiza nini? Majuma mawili. Umengoja maisha yako yote, utashindwa kungoja majuma mawili?"

"Baada ya majuma mawili hakuna mnara."

"Mnara upo. Hautahama."

"Mlango hautakuwapo. Magoti haya nayo siyaoni yakingoja mafundi."

"Basi usikione hicho chungu. Watu wangapi wamekufa bila kukiona, na wamezikwa vizuri tu?"

Iolanda alimwongezea mchuzi. Baada ya Lamberto kuondoka, aliosha vyombo, na alipokuwa akiifuta sahani ya mwisho aligundua kwamba haogopi kufeli kama alivyodhani. Shahada ingeweza kujaribiwa tena. Angeandika tasnifu nyingine, angekaa tena darasani na wale vijana. Kilichomkosesha raha ni kwamba angeishi miaka iliyobaki akiutazama ule mnara kwa chini, na kila mgeni atakayemuuliza kama amekiona chungu angemjibu kwa maneno ya mgeni mwingine.

Jumamosi asubuhi alifika bila wageni. Nerio alimwona akija peke yake, akaelewa. Hakumtania. Alikata tiketi, akampa, akashika kofia yake kana kwamba anapisha jeneza.

"Polepole," alisema tu.

Ngazi zilikuwa za mbao, zimelika katikati kwa miguu ya watu, nazo zilizunguka ndani ya kuta nne za matofali zilizopanda gizani. Iolanda alipanda akishika mkono wa ngazi. Aliposimama kupumua alihisi mnara ukitikisika kidogo sana, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mara mbili aliambiwa na magoti yake ageuke, na mara mbili aliyakatalia. Mwishoni kulikuwa na ngazi nyembamba, kisha mlango mdogo, kisha upepo.

Alikuwa amewaza kwamba kwanza angeutazama mji. Hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja upande wa mashariki, akainama juu ya ukuta, akachungulia kila mwanya. Palikuwa na vinyesi vya njiwa. Upande wa kusini palikuwa na waya wa radi. Magharibi palikuwa na matofali, na kaskazini matofali mengine.

Mume na mke wa Kipolandi walikuwa wakizunguka pia, wakiwa na kitabu cha wasafiri mkononi.

"Samahani, mama," mwanamume alimwambia kwa Kiitaliano cha kubahatisha. "Wewe ni mwenyeji? Chungu kiko wapi?"

Iolanda alifungua mdomo, na maneno aliyoyasema miaka mingi, hapo chini, kwa sauti ya kushinda mabasi, yote yakamtoka kichwani.

"Sijui," alisema. "Mimi pia nakitafuta."

Wakatafuta watatu. Yule mwanamke wa Kipolandi alipendekeza kwamba labda chungu kimejengewa ndani ya ukuta, mumewe akasema labda kilianguka zamani na kumwua mtu, na Iolanda akashangaa jinsi fikra hiyo haikuwahi kumjia. Waligongagonga matofali. Walimwuliza mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, naye, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, akawaambia, "Upande wa pili." Walikwenda upande wa pili. Walipomrudia kutoka huko, akawaambia tena upande wa pili.

Hapo ndipo Iolanda alipoegemea ukuta na kuutazama mji wake kwa mara ya kwanza kutoka juu: mapaa mekundu yakisukumana mpaka milimani, na bustani zilizofichwa katikati ya majumba ambayo yeye aliyapita kila siku akidhani ni mawe matupu. Alianza kuzitafuta bustani hizo moja moja na kujiuliza milango yake iko wapi. Wapolandi walikuwa wameshateremka alipokumbuka kwamba ana magoti.

Usiku huo alifuta kila "inasemekana" katika sura ya mwisho.

Siku ya utetezi chumba kilijaa, kwa kuwa huko ndugu wa mtahiniwa huja kusikiliza na mashada ya maua magotini. Lamberto alivaa suti. Nerio alikaa nyuma kabisa. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mzee wa Bologna, mwembamba, aliyesoma tasnifu kwa kidole.

"Bi Zanarini, ukurasa wa mwisho unasema hivi: 'Mwandishi alipanda, akakagua pande zote nne, hakukuta chungu.' Ulipanda lini?"

"Jumamosi ile ya mwisho, Bwana Mwenyekiti. Kabla mnara haujafungwa."

"Yaani kabla ya leo."

"Kabla ya leo."

Mnong'ono ukapita chumbani. Lamberto alishika mguu wa chuma wa kiti chake, kama wafanyavyo huko kufukuza mkosi, na watu wengine wawili watatu wakafanya hivyo hivyo kimyakimya. Profesa Sgura peke yake alikaa kama alivyokuwa, akishangaa watu wazima wanainamia nini.

"Hukuogopa?" aliuliza mwenyekiti.

"Niliogopa. Ndiyo maana nilingoja Jumamosi. Ijumaa, siku ya mkosi, nisingethubutu."

Mwenyekiti aliandika kitu, na haikujulikana kama alitabasamu. Kisha akawaomba watu wote watoke ili jopo lijadiliane.

Korido ilikuwa baridi. Majadiliano ambayo kwa watahiniwa wengine huchukua muda wa kuvuta sigara moja yalichukua muda wa sigara tatu, na Nerio alizivuta zote dirishani.

"Nilikwambia," Lamberto alisema.

"Uliniambia."

"Lakini wakikupitisha," akaendelea kwa sauti ya chini, ikionekana kwamba jambo hilo ndiyo kwanza limemjia, "mimi nyumbani nitasema nini?"

Iolanda alitaka kucheka, lakini mlango ulifunguliwa. Waliingia wakasimama, maana hukumu ya jopo husikilizwa wima. Mwenyekiti aliwasha taa ya mezani, akasoma jina la chuo, idara na tarehe kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kisha akainua kichwa na kutamka lile jina la heshima wanaloitwa wahitimu wote wa kike wa nchi hiyo.

"Dottoressa Zanarini," alisema, "sogea mbele."

Iolanda hakusogea. Aligeuka akatazama nyuma yake, kwa udadisi, apate kumwona huyo anayeitwa.