Baiskeli Mbili Mlangoni mwa Behewa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stesheni ya Tabora wafagiaji hawajaanza kufagia. Niliishia darasa la nne, lakini kuwahi sikufundishwa na mtu. Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la nta na asali pale mjini, alinikabidhi baiskeli na mizani ya kuning'iniza. "Lete nta safi," akasema. "Yenye mchanga ule mwenyewe."

Vijana wa bodaboda mnadhani tulikuwa tunatembea tu. Baiskeli ilikatiwa risiti, ikafungwa lebo kwenye usukani, ikapakiwa behewa la mizigo. Ukishuka Urambo au Kaliua unaipokea, unapiga pedali porini hadi kwa warina asali, unarudi keria imejaa nta, yaani masega yaliyokamuliwa na kuyeyushwa. Hakuna aliyefunga mzigo kwa mpira kama mimi. Waulizeni.

Kisha tajiri akamwajiri Kasimu.

Huyo alikuwa anafika gadi wa garimoshi ameshashika bendera ya kuondoka, anatafuna muwa, anacheka na kila mtu. Baiskeli yangu ilipakiwa ya kwanza siku zote, nami nikijivuna. Lakini inayotangulia kuingia ndiyo hukaa nyuma kabisa, magunia na magodoro juu yake. Ya Kasimu ilikuwa mlangoni. Pale Kaliua mimi nasubiri magunia yashushwe, yeye ameshapotelea porini. Na kwa warina asali wale mila ilikuwa moja: mgeni wa kwanza kunawa mikono ndiye anayeuziwa. Wa pili anapewa maji ya kunywa na pole.

"Pole na safari, kaka," aliniambia siku moja tukipishana njiani, keria yake imejaa. "Vumbi nimekuachia."

Moyo uliniwaka. Mpaka leo unawaka.

Siku moja tajiri akatuita wote wawili. Alitaka msimamizi wa njia yote ya Mpanda, mwenye wanunuzi chini yake. "Atakayeleta nta ya Mzee Kasanda, yule mrina asali wa Kaliua, safari hii, cheo ni chake."

Cheo kile kilikuwa changu kwa haki. Safari hiyo sikupakia. Nilisimama na baiskeli kando ya behewa, nikimngoja Kasimu atangulie. Akanitazama, akaacha kutafuna muwa.

"Tangulia, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

"Mdogo kwanza," nikamjibu.

"Nyie mnasafiri au mnaposana?" gadi akafoka. "Ingizeni!"

Hakuna aliyesogea. Gadi akafunga mlango, filimbi ikalia, garimoshi likaanza kujivuta. Kasimu akaiangusha baiskeli yake pale pale, akarukia behewa la abiria. Mimi ningeitupaje mali ya tajiri? Nikarudi dukani nikikokota baiskeli mbili.

"Umelinda vizuri," tajiri akasema. "Ila nilikutuma nta."

Kasimu aliazima baiskeli ya muuza dagaa kule Kaliua, akanawa mikono wa kwanza. Njia ya Mpanda akapewa yeye.

Sasa magoti yamekataa, nimepumzika. Nina nyumba za bati na duka la vipuri, vyote kwa jasho langu, bila cheo cha mtu. Juzi mama mmoja wa Kaliua aliingia kununua mnyororo, akanitazama sana.

"Shikamoo, baba. Si wewe uliyefanya kazi na Kasimu?"

"Marahaba," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyefanya kazi na mimi."