Mjukuu Wangu, Kitabu cha Mumiani na Siri Niliyoimwaga Kwenye Maombi

Admin, jina langu lifiche. Mtaa uache, hapa Quakers Hill wazee tuko wengi. Nina miaka sabini na mbili, Mrundi, nimekaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Australia. Siandiki kwa kidole, naongea na simu yenyewe inaandika, ikikosea ni yeye si mimi. Na sitaki huruma ya mtu. Kambini nilikuwa mchinjaji, ng'ombe akiniona analala mwenyewe. Damu naijua. Ndiyo maana jambo hili nililiona kabla ya wote.

Naishi na mwanangu, mke wake, na mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na saba, nitamwita Riziki. Wakati wa lokdauni ya corona baba yake alikuwa anakwenda ghalani, mama yake anakwenda kutunza wazee, tunabaki sisi wawili. Yeye anasoma kwenye kompyuta, mlango kafunga. Nikimsemesha Kiswahili mara nyingi ananijibu Kiingereza. Akawa anapata vitabu vya michoro vya Wajapani. Nikamwuliza vinahusu nini. "It's about a vampire, Babu." Nikasema hilo silijui. Akaonyesha meno, akajishika shingo. Nikaruka.

"Mumiani!"

"Yeah, Babu. Mumiani." Na anacheka!

Nyie vijana hamjui. Sisi tulikuwa tukiona gari geni limesimama, watoto wote mbio ndani ya nyumba, tusije tukanyonywa damu. Mumiani si wa kuchekwa.

Nikaanza kuchunguza. Hadithi ile ile ipo kwenye kitabu, ipo katuni, halafu ipo tena sinema ya watu wenye miili. Mumiani yule yule, kila mahali ana sura nyingine. Mtu mwema anabadilisha sura mara tatu kwa nini? Na wiki hiyo hiyo Riziki ananiambia kanipangia chanjo ya corona, kule mjini Parramatta. Damu huku, sindano huku. Nikaunganisha mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Siku moja akiwa kwenye masomo yake nikakichukua kitabu, nikafuata picha moja moja. Mwanzoni kaburi, msichana ndani yake, mweupe kama unga. Nikafunua, mumiani kamwinamia shingoni. Nikafunua tena, msichana anatembea, shingo haina hata kovu. Mwishoni kabisa yuko mezani na mama yake, wanakula wanacheka. Nikakifunga. Kumbe wanafundishwa kwamba ukikubali kunyonywa unafufuka!

Jumamosi mchana tuna maombi ya simu, ile ya kuonana nyuso, Warundi na Wakongo, watu kama arobaini. Mimi ndiye msomaji wa Neno. Siku hiyo nikainua kitabu nikawaonyesha ukurasa kwa ukurasa. Nikasema, "Mtoto huyu kashikwa na mumiani, na sasa anataka kunipeleka kwenye sindano." Watu wakawa "Yesu! Yesu!" Mara Riziki huyu hapa nyuma yangu. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kabisa:

"Babu, hicho kitabu kinaanzia nyuma. Umekisoma kinyume. Yule msichana hafufuki. Anakufa."

Hapo mama mmoja Mkongo, mdomo wake hauna mlango, akasema, "Eeh papa, ni kama musaafu ya Waislamu, inaanziaka kuume!" Wakacheka. Watu arobaini wananicheka mimi.

"Mimi nilisoma kabla baba yako hajazaliwa!" nikamwambia. Vicheko vikazidi. Ndipo hasira ikanipanda nikasema lisilosemwa. Siku za nyuma tukimenya viazi, Riziki aliniambia kwamba kufungiwa kule kumemlemea, halali, na daktari kampa vidonge vya mawazo. Wanaojua ni mama yake na mimi tu. "Usimwambie mtu, Babu." Nikaapa. Sasa nikasema mbele ya wote, "Msimsikilize huyu, anameza dawa za kichwa!"

Hakulia. Alichukua kitabu mkononi mwangu akatoka.

Lokdauni ilipolegezwa akahamia kwa shangazi yake, Villawood. Wasichana wa kanisa wamemwondoa kwenye kikundi chao cha simu, mama zao wanasema ana mapepo. Mimi kwangu hapigi.

Mwanangu ameleta ujumbe wa Riziki. Atarudi nikisema kwenye maombi yale yale kwamba nilikosea kitabu, na kwamba siri ile haikuwa yangu kuitoa. Hayo mawili tu. Mke wa mwanangu akadakia, "Na chanjo je, baba?" Mmeona? Nikanusa hapo hapo. Hawa wamekaa kikao. Leo nikiri kitabu, kesho sindano, kesho kutwa nipelekwe kwenye nyumba ya wazee.

Lakini kuna jambo linanikaba, na sijawahi kulisema popote. Ndugu zangu, kusoma sijui. Herufi nazijua, zikiwa nyingi zinanikimbia. Zile Zaburi nimezishika kichwani, Biblia nafungua popote mkono ulipoangukia. Nikikiri kitabu kimoja, wataniuliza na kile kingine, na mimi hapo ndipo heshima yangu yote ilipo.

Barua za serikali miaka yote ananisomea Riziki. Kila siku namwambia miwani imepotea, nayo iko mfukoni, anaiona. Hajauliza hata mara moja. Nimemshuku sana. Anajua? Kama anajua, anangoja nini?

Basi siku ile simu ilikuwa wazi, siri yake nimekwisha kuimwaga, watu arobaini wanasikiliza. Neno moja tu, kwamba Babu hajui kusoma, lilitosha kunimaliza. Hakulisema, na mpaka leo hajalisema.

Msinitukane, na habari za chanjo msinifundishe. Nyie wenye wajukuu, Jumamosi inakuja. Niseme yote mbele ya watu, hata hilo la kusoma? Au nikae na heshima yangu, yeye abaki Villawood? Nimfanyeje mtoto aliyenisitiri wakati mimi nimemwanika? Nishikeni mkono.